Kisanduku cha Macho

Tarehe 6 Novemba

Baba, shikamoo.

Barua yako imefika Jumanne. Karani wa posta kaniuliza kama umenitumia matofali. Kurasa kumi na moja, Baba, na maneno yake yangeenea kwenye kurasa tatu! Huko karatasi zinagawiwa bure? Sisi hatujambo. Meneja wetu mdogo ametimiza miaka minne na sasa anatoa amri hata kwa majirani.

Nina jambo nataka tuliamue pamoja. Kazini wamebadilisha bima. Ilikuwa matibabu ya kawaida tu. Sasa tumeletewa fomu yenye visanduku viwili vipya kwa kila mtegemezi, kimoja cha meno, kingine cha macho. Ukitia tiki, wanakata kwenye mshahara kila mwezi. Usipotia, hakuna kubadili mpaka Desemba ya mwaka ujao. Fomu inatakiwa Ijumaa, tarehe 28.

Vyote viwili hatuviwezi. Nimepiga hesabu kwa penseli na nimepiga tena kwa kalamu, jibu ni lile lile. Ofisini nimekuwa kichekesho. Mwenzangu wa dawati la kupokea mizigo kaniambia, "Meno ya utoto yanang'oka yenyewe, wewe unayakatia bima? Si ukatie na kucha!" Mkweo naye, akirudi kutoka kutengeneza lifti zake, na mafuta hadi viwikoni, anasema macho ya watoto hawa ni mapya kabisa, bado yako kwenye nailoni.

Lakini Meneja ana jino la nyuma limetoboka, anatafunia upande mmoja kama mzee. Kwa hiyo kwenye meno naelemea kukubali. Macho ndiyo yanayonishinda kuamua. Mkubwa wao, Chiriku, anaanza kusoma kwa dhati mwaka huu, na mama yangu, nakumbuka, alivaa miwani minene. Wewe umekaa kwenye kiwanda cha uchapaji miaka ishirini na sita ukisoma prufu, ukikamata nukta iliyopotea katika ukurasa mzima. Na wewe ndiye Chiriku anayekusomea kwenye simu kila Jumapili. Ukisema tuchukue, nitatafuta pa kubana. Ukisema tuache, nitaacha na nitalala.

Mwanao


Tarehe 17 Novemba

Kwa binti yangu,

Marahaba. Karatasi hazigawiwi bure, ni kalamu. Nimenunua kalamu nene, na kalamu nene haitaki kubanwa. Mwambie karani wa posta asichoke mapema, kuna nyingine zinakuja.

Umeniuliza swali zuri, nami nitakujibu kwa utaratibu wa kazi, maana mimi sijui utaratibu mwingine.

Pale kiwandani hatukumwamini mtu mmoja. Ukurasa ulisomwa na wawili: msomaji alisoma kwa sauti, na mshika nakala alifuata kwa kidole kwenye karatasi ya mwandishi, kimya, mpaka sauti na karatasi zilipoachana. Hapo alisema "Simama." Neno hilo moja tu. Nilishika nakala miaka tisa kabla ya kuruhusiwa kusoma. Kiwanda kile sasa sijui ni nini. Mtu aliyepita hapo miaka kumi iliyopita aliniambia wameweka duka la magodoro. Nimekaa huku ugenini miaka thelathini na moja na bado nikisikia mtu anasoma kwa sauti, kidole changu kinasogea chenyewe mezani.

Basi, vitabu ninavyomshonea Chiriku nimekuwa nikivitengeneza viwili viwili. Kimoja nakituma, kimoja nabaki nacho. Jumapili yeye anasoma, mimi nashika nakala. Jumapili tatu mfululizo sijapata sababu ya kusema "Simama". Hajaruka neno, hajapindisha neno. Kile cha kinyozi aliyenyoa mbuzi kina sentensi inayovuka kurasa mbili, naye aliivuka bila kuvuta pumzi. Mtoto wa miaka sita! Niliwahi kufanya kazi na watu wazima wenye mishahara waliosoma vibaya kuliko hivyo.

Macho ya namna hiyo huyalipii bima. Tia tiki meno, wote wawili. Macho acha.

Hapa pangu hakuna jipya. Yule fundi cherehani wa chini kaniona na gazeti kwenye ngazi, kaniuliza, "Mzee, unalisoma au unalinusa?" Nimemwambia habari za siku hizi zote zina harufu. Hana adabu, lakini hunipandishia maji ghorofa zote tatu lifti ikiharibika, kwa hiyo namvumilia.

Baba yako


Tarehe 29 Novemba

Baba, shikamoo.

Fomu nimeirudisha jana, saa kumi kasoro dakika tano. Meno, tiki mbili. Macho, patupu. Karani wa utumishi aliniuliza mara mbili, "Una hakika?" Nikamwambia nimepata ushauri wa mtaalamu. Akauliza, "Daktari?" Nikasema, "Zaidi ya daktari."

Chiriku anakushukuru kwa kitabu cha kinyozi. Anakisoma hata bafuni.

Mwanao


Tarehe 20 Machi

Baba, shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Ghala limeletewa mizigo ya miezi miwili kwa wiki tatu na mimi ndiye ninayesimama mlangoni na orodha.

Jino la Meneja limezibwa. Alimuuliza daktari wa meno kama amenawa mikono. Daktari akanawa tena mbele yake. Tiki ile imejilipa. Hilo halina ubishi.

Lakini Chiriku ananitia wasiwasi. Mwalimu wake aliniita. Anasema mtoto hakai kitini. Mwalimu akiandika ubaoni, Chiriku anainuka, anakwenda mpaka mbele, anarudi, anainuka tena. Akikatazwa, anamgeukia mwenzake na kunakili kwake, na kama mwenzake kakosea naye anakosea vile vile. Kitabu cha darasa anasoma mistari miwili halafu anaanza kupiga porojo. "Akili anayo," mwalimu kasema, "ila ni mvivu, na mdomo haufungi." Nilimwambia, nyumbani anasoma vizuri mno. Akaniangalia kama wanavyowaangalia wazazi wote wanaosema hivyo.

Nilikasirika, Baba. Nilimnyang'anya vitabu vyako wiki nzima, nikamwambia atavipata akianza kukaa kitini. Hakulia. Aliniambia, "Lakini vile vya Babu ndivyo vizuri, vya shule vinacheza." Nikamwambia wa kucheza ni yeye.

Baba yake anasema tumwache, hata yeye alikuwa hivyo. Jibu hilo halinipi raha hata kidogo. Wewe unaonaje?

Mwanao


Tarehe 2 Aprili

Kwa binti yangu,

Marahaba. Mrudishie mtoto vitabu vyake.

Hilo ni la kwanza. La pili, huyo mwalimu ana watoto wangapi? Arobaini? Hamsini? Mtoto anayesoma sentensi ndefu bila kusita, ukimpa "baba analima, mama anapika", atafanya nini kama si porojo? Amechoshwa. Vitabu vya shule vinacheza kwa sababu havina kitu ndani. Mimi ningeomba abadilishiwe darasa, si kiti.

Ninamtumia kingine, cha mwanamke aliyekodisha kivuli chake. Ni kirefu kidogo, kwa hiyo nimekigawa juzuu mbili.

Usishtuke ukisikia kwa mtu kwamba nina bandeji kwenye paji la uso. Taa ya ngazini imekufa tangu mwezi uliopita na mwenye nyumba anaahidi tu. Mguu ulihesabu ngazi moja pungufu. Fundi cherehani alinifunga kitambaa akisema taa inawaka vizuri tu, lakini yeye ni mtu wa kupinga kila kitu.

Baba yako


Tarehe 21 Mei

Baba,

Shikamoo. Soma barua hii yote kabla ya kujibu.

Tarehe 5 wauguzi walikuja shuleni kupima watoto. Mmoja alimfunika Chiriku jicho la kushoto kwa kadi, akamwonyesha chati. Mtoto akasoma mistari ya juu, ya chini akashindwa. Akamfunika la kulia. Chiriku akasogeza kichwa pembeni ili achungulie. Akafunikwa tena, akachungulia tena. Muuguzi akadhani anafanya mzaha. Kisha Chiriku akamwambia, "Toa, unanizibia." Muuguzi akamuuliza jicho lingine halioni? Akasema, "Hilo si la kusomea."

Baba, mtoto alikuwa anajua. Alidhani watu wote wako hivyo, jicho moja la kusomea na jingine la kukaa tu.

Tulimpeleka kwa daktari wa macho. Yote mawili yanahitaji miwani, na la kushoto ni baya sana kuliko la kulia, hata ubongo umeacha kulisikiliza. Wanaliita jicho vivu. Daktari ni mama mmoja mfupi, anaongea polepole. Alisema wanaligutusha kwa miwani na kwa kuliziba lile zima kwa plasta, saa kadhaa kila siku, miezi mingi. Alisema kadiri mtoto anavyokuwa mdogo ndivyo jicho linavyorudi, na kuanzia miaka saba au nane kazi inakuwa ngumu zaidi. Chiriku anatimiza saba Julai. Nilimuuliza, kama tungekuja Desemba? Akasema, "Mama, tumekuja leo." Nikauliza tena. Akasema, "Miezi sita ni mingi kwa jicho la umri huu."

Nilikwenda kwa karani wa utumishi. Hakunikumbusha nilichomjibu ile siku, na ningependa angenikumbusha. Alisema tu dirisha linafunguliwa Desemba. Hospitali ya umma foleni ni ya miezi minne. Mkweo ameuza pikipiki, siku hizi anapanda basi na begi la spana mgongoni. Miwani imepatikana, plasta zinanunuliwa. Hilo limekwisha, sikuandikii kwa ajili hiyo.

Nakuandikia kwa ajili ya kitabu.

Nilikwenda nacho kwa daktari, kile cha kinyozi. Nilitaka kumwonyesha kwamba kuna makosa, kwamba mtoto huyu anasoma. Alikifungua, akakitazama, akasimama, akakiegemeza juu ya meza yake na kurudi nyuma mpaka mlangoni. Akasoma kutoka pale: "Kinyozi akamwambia mbuzi, kaa utulie." Akaniambia, "Herufi hizi hata mimi nisingehitaji miwani." Kisha akauliza, "Nani kakiandika?" Nikasema babu yake. Akauliza, "Ana umri gani? Nani anampima yeye macho?"

Nikachukua kitabu.

Nyumbani nilitoa barua zako zote kwenye sanduku. Nikachukua rula ya Chiriku. Miaka mitatu iliyopita herufi yako ya kawaida ilikuwa milimita tatu. Mwaka juzi tano. Barua ya kurasa kumi na moja, tisa. Ile ya Aprili, milimita kumi na mbili, na mistari inapanda juu kulia kama ngazi. Hakuna kalamu nene kiasi hicho, Baba. Taa ya ngazini inawaka. Nilipiga simu kwa fundi cherehani.

Mimi niliamini kwamba mtoto anaona kwa sababu wewe ulisema anaona. Wewe ulimpima kwa herufi unazoweza kuziona wewe.

Sina cha kukuuliza. Nenda ukapimwe. Mpaka nijue umekwenda, sitakuandikia. Chiriku atakupigia Jumapili kama kawaida, lakini hatakusomea. Saa zile ana plasta.

Mwanao


Tarehe 3 Juni

Kwa binti yangu,

Mwandiko huu ni wa fundi cherehani. Mimi nasema, yeye anaandika, kwa sharti kwamba hataongeza lake. Amekubali sharti kisha ameniambia niseme kwamba yeye alijua tangu mwaka juzi. Basi, nimesema.

Nimekwenda. Zahanati iko barabara ya pili, juu ya duka la vioo vya madirisha. Nimepita mbele yake miaka yote hii. Benchi ni la chuma na ukuta una chati ile ile aliyoonyeshwa Chiriku. Nilipoulizwa nasoma mpaka mstari gani, nilisema herufi ya kwanza ni M. Ilikuwa E. Daktari ni kijana, hakucheka.

Jicho la kulia lina mtoto wa jicho aliyekomaa, naye anaweza kutolewa. La kushoto lina presha, ya muda mrefu. Lililokwenda halirudi, wanaweza kuzuia tu lililobaki. Alinieleza mara mbili. Ya pili nilimwomba mimi, ili nikusimulie sawasawa.

Sasa lile jingine, ambalo ungeweza kulikosa hata baada ya kupima kwa rula.

Nilikwambia kwamba Jumapili nashika nakala. Nilikuwa nayo, ni kweli, mapajani, imefungwa. Sikuifuata. Saa kumi na moja jioni, kwenye kiti changu, hata herufi zile nilikuwa sizioni tena. Maneno niliyajua kwa sababu niliyatunga mimi. Sasa nafikiri na yeye aliyajua, kwa kuwa alikuwa amevisoma vitabu vile bafuni, kitandani na kila mahali, na hivyo vya herufi kubwa ndivyo pekee alivyoviweza. Kwa hiyo alisoma alichokariri, nami nikasikiliza nilichokariri, na mwisho wake nikakuandikia, kwa utaratibu wa kazi, kwamba macho ni mazima. Katika miaka ishirini na sita sikuwahi kupitisha ukurasa ambao sikuuona. Nilipitisha huo mmoja.

Utauliza kwa nini sikusema. Sina jibu refu. Nilipoondoka kwetu niliacha vitu vyote isipokuwa kazi, na kazi ilikuwa macho. Uliponiuliza juu ya bima ya macho, nilitaka swali liishe upesi. Siwezi kusema nilijua. Naweza kusema nilifanya haraka, na kwa mtu wa kazi yangu hilo ni kosa lile lile.

Nakuomba kitu kimoja. Niambie jicho la Chiriku limefikia wapi, kwa mstari na kwa namba kama daktari alivyoandika. Usinipunguzie. Mama yako alikuwa akinipunguzia, na nilikuwa nikijua.

Upasuaji ni tarehe 4 Julai. Wana fomu. Kuna mstari wa jamaa atakayemchukua mgonjwa na kukaa naye siku saba. Mstari huo upo kwenye kila fomu niliyojaza huku, ya nyumba, ya kibali, ya kazi, na miaka yote nimeandika "hakuna", bila uchungu, kama mtu anavyoandika urefu wake. Safari hii kijana alisema bila jamaa hawanipasui. Fundi cherehani alijitolea. Nilimwambia angoje kwanza. Nimekutaja wewe. Wakitaka, jina linaweza kufutwa.

Baba yako

(Mwandishi anasema: alitaja jina lako kabla mimi sijamaliza kujitolea. Anajifanya tu. Ndimi fundi.)


Tarehe 15 Juni

Baba, shikamoo.

Jicho la kushoto: siku ya kwanza, akiwa na miwani, alisoma mstari wa kwanza tu wa chati. Jana, baada ya wiki tano za plasta, amesoma mstari wa tatu na herufi mbili za wa nne. Chati ina mistari minane. Daktari ameandika "linaitikia". Nilimuuliza litafika wapi. Alisema huenda wa sita. Wa nane asingeniahidi. Nilimuuliza kama tungekuja Desemba lingefika wa nane. Alisema huenda, na kwamba huenda hiyo nisiichukue nyumbani. Mimi nimeichukua. Naona na wewe utaichukua, kwa hiyo tugawane.

Jicho la kulia, kwa miwani, ni zima. Anakaa kitini. Mdomo bado haufungi. Mwalimu ameniita tena kwa ajili hiyo, na safari hii nilicheka mbele yake. Meneja ndiye msimamizi wa plasta. Saa nane kamili anasimama mlangoni na kusema, "Fungua tuone kama umebandika vizuri." Juzi Chiriku alimbandika yeye moja mdomoni.

Kuhusu fomu ya Desemba, karani wa utumishi amenipa mapema, kinyume cha utaratibu. Nimejaza visanduku vyote vinne. Mwenzangu wa mizigo aliniona, akauliza, "Na kucha je?" Halafu akaona sijacheka, akasogeza kiti chake, akaniambia wake ana miaka mitano na hajawahi kupimwa. Alhamisi anampeleka.

Nimekasirika nawe mwezi mzima, na sijui kama nimemaliza. Chiriku hajui kuna la kukasirikia. Alipoambiwa Babu naye macho yanaumwa, aliuliza lako la kusomea ni lipi. Nikamwambia la kulia. Akasema, "Basi wasiliguse bila kumwambia."

Usifute jina. Nimepewa likizo ya siku kumi, kumi na mbili nilizoomba sikupewa. Nafika tarehe 2 Julai kwa basi la jioni, peke yangu. Watoto wanabaki na baba yao. Mwambie fundi cherehani namshukuru, na kwamba ghorofa zote tatu tutapanda pamoja siku ya kurudi, mmoja kila upande.

Usije kituoni. Hutanitambua kwenye umati, na mimi sitaki kukuona ukinitafuta. Kaa nyumbani, na mlango usiutie komeo.

Mwanao